Joel Karekezi wa Gisenyi: Mwandishi Aliyewafuata Askari Wawili Msituni

Hakuna askari aliyepata kwenda doria ya usiku asiyeijua hofu ya kuachwa nyuma. Kikosi kimekwisha ondoka, sauti ya kamanda haisikiki, redio hakuna, na mbele yako ni kiza cha msitu ambao hujui ni nani aliyejificha ndani yake. Katika saa kama hiyo cheo cha begani hakisaidii sana. Kinachobaki ni mafunzo aliyoyapata mtu, mwenzake aliye ubavuni, na dhamiri yake.

Juu ya hofu hiyo Joel Karekezi, mwandishi wa miswada ya sinema na mwongozaji wa filamu, mzaliwa wa mji wa Gisenyi nchini Rwanda, alijenga kisa ambacho mwaka 2019 kilimpatia moja ya tuzo zinazoheshimiwa kuliko zote katika sinema ya Afrika. Filamu hiyo inaitwa kwa Kifaransa La Miséricorde de la jungle, yaani Huruma ya Msitu. Wahusika wake wakuu si wafalme wala matajiri. Ni sajini mmoja na askari mmoja mgeni jeshini. Kwa sababu hiyo habari za mwandishi huyu zinawahusu wanajeshi na polisi pengine kuliko watu wengine. Zinawahusu pia kwa sababu ya pili: Karekezi, kabla hajaandika habari za watu wenye silaha, alikuwa mtoto upande wa wale wanaowindwa na watu wenye silaha.

MJI ULIO MPAKANI

Gisenyi, ambao leo ni mji mkuu wa Wilaya ya Rubavu, umekaa penye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu. Mbele yake ni maji, nyuma yake ni vilima vya migomba na mashamba ya mboga, na ubavuni mwake, bila ya mto wala mlima wa kuitenga miji hiyo miwili, upo mji wa Goma wa Kongo. Usiku wananchi wa pande zote mbili huweza kuuona wekundu wa moto wa mlima Nyiragongo, volkano iliyolipuka mwaka 2002 na kulipuka tena mwaka 2021. Wachuuzi wamezoea kuvuka mpaka kwa miguu, vyakula vichwani, na katika biashara hiyo Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, lakini hapo mpakani kilikwisha kuwa lugha ya soko tangu zamani.

Mpaka wa namna hiyo ni baraka wakati wa amani, na ni mlango wa balaa wakati wa vita. Karekezi alizaliwa Desemba 1985. Mwezi wa Aprili 1994, yalipoanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, alikuwa mtoto wa miaka minane. Katika muda wa siku 100 hivi waliuawa watu zaidi ya laki nane nchini Rwanda. Yeye alinusurika, lakini baba yake aliuawa. Mwezi wa Julai serikali iliyoyasimamia mauaji hayo iliposhindwa vitani, ilikimbilia Gisenyi, na kwa siku chache watu wapatao milioni moja walivuka mpaka kuingia Goma na viunga vyake. Walivuka raia wasio na hatia, na pamoja nao wakavuka wauaji wakiwa na silaha zao. Katika kambi hizo ndimo ilimowashwa cheche ya vita vya Kongo vya mwaka 1996, na vita hivyo navyo vikazaa vile vilivyoanza Agosti 1998.

Mtoto aliyekulia katika mambo hayo angeweza kukua akiwa na chuki tupu moyoni, na hapana mtu ambaye angemlaumu. Karekezi alifuata njia nyingine. Filamu zake mbili ndefu zilizomjulisha kwa ulimwengu zina jambo moja la ajabu: zote mbili zimelibeba neno huruma katika majina yake. Ya kwanza ni Imbabazi, neno la Kinyarwanda lenye maana ya huruma na msamaha. Ya pili ni hii ya msitu. Mtu anayetaka kuijua kazi ya mwandishi huyu hapana budi aanze na neno hilo.

KUJIFUNZA KAZI BILA KARAKANA

Sanaa ya kusimulia habari za mashujaa si ngeni kwa Wanyarwanda. Zamani, katika itorero, vijana walioandaliwa kuwa wapiganaji walifundishwa pamoja na matumizi ya silaha kucheza ngoma za vita, kusema kwa ufasaha, na kughani ibyivugo, yaani majigambo ambayo kila shujaa hujitungia mwenyewe kuyataja matendo yake. Mpiganaji asiyeweza kusimama mbele ya wenzake akajieleza alihesabiwa kuwa na upungufu. Kwa hiyo jeshi na jukwaa vilikuwa ndugu katika nchi hiyo kabla ya kamera kufika.

Lakini sinema ni jambo jingine. Inataka mitambo, fedha na mafundi, na Rwanda iliyotoka katika maafa ya 1994 ilikuwa na kazi ya kuzika wafu na kujenga nyumba. Filamu ndefu ya kwanza kuigiza mauaji hayo, 100 Days, ilitoka mwaka 2001. Aliiongoza Mwingereza Nick Hughes, na mtayarishaji wake alikuwa Mnyarwanda Eric Kabera. Mwaka 2005 likaanza tamasha la filamu la Rwanda, ambalo wananchi hulifahamu kwa jina la Hillywood kwa sababu waandaaji wake huchukua kiwambo na mitambo wakaenda kuonyesha filamu vilimani, mbali na majumba ya sinema. Watu wengi waliwaona huko kwa mara ya kwanza waigizaji wakisema Kinyarwanda juu ya kiwambo.

Karekezi ni mtoto wa wakati huo. Hakungoja chuo kijengwe karibu na nyumbani. Alijiandikisha katika CineCours, shule ya Kanada inayofundisha utengenezaji wa filamu kwa njia ya intaneti, akamaliza mafunzo ya uongozaji mwaka 2008. Askari aliyepata kusoma kozi ya kupandishwa cheo kwa taa ya kambini, baada ya zamu, atafahamu maana ya kusoma hivyo. Mwanafunzi wa mbali hana mwalimu wa kumgombeza wala kengele ya kumwamsha, na asipojiamuru mwenyewe hafiki popote.

MSWADA NI AMRI YA KAZI

Yafaa tueleze hapa kidogo kazi ya mwandishi wa sinema, kwa maana watu wengi huwajua waigizaji na kumsahau yeye. Mswada wa sinema haufanani na riwaya. Mwandishi wa riwaya aweza kuandika kwamba sajini alikuwa akimkumbuka mama yake, akaendelea mbele. Mwandishi wa sinema hana ruhusa hiyo, kwani kamera haipigi picha ya mawazo. Lazima atafute tendo litakaloonekana au sauti itakayosikika: mkono unaotetemeka, chupa ya maji inayogeuzwa na kukutwa tupu, mtu anayekataa kulala. Kwa hesabu ya mafundi wa kazi hiyo, ukurasa mmoja wa mswada ni kama dakika moja ya filamu. Kisa cha saa moja na nusu, kwa hiyo, ni kurasa tisini hivi, na hapana nafasi ya neno la bure.

Mwanajeshi ataona kwamba kazi hii inafanana na mambo mawili ayajuayo. Inafanana na ripoti ya doria, ambamo huandikwa kilichoonekana na kilichosikika, mahali gani na saa ngapi, pasipo kuongeza chumvi. Tena inafanana na amri ya kazi. Kila onyesho hutaja mahali, wakati, watu waliopo na jambo wanalolitenda, ili watu wengi wa fani mbalimbali, mpiga picha, mshona mavazi, fundi wa sauti, waigizaji, wapate kutenda kazi moja bila ya kugongana. Amri mbovu huua askari. Mswada mbovu huua filamu kabla kamera haijawashwa.

IMBABAZI: RAFIKI NA MUUAJI

Karekezi kwanza alikifanya kisa cha Imbabazi kuwa filamu fupi, nayo ikapata tuzo ya Swala wa Dhahabu katika tamasha la Amakula nchini Uganda. Hakuridhika hapo. Akakirudia kisa hicho, akakipanua na kukifanya filamu ndefu, ambayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2013 katika tamasha la Göteborg, Sweden.

Kisa chenyewe ni cha marafiki wawili, Manzi na Karemera. Mauaji ya kimbari yanapoanza, Manzi anaingizwa katika kundi la wauaji, na mkono wake unaimaliza jamaa ya rafiki yake. Baada ya miaka kumi na mitano anatoka gerezani. Hapo ndipo swali linapozuka: watu wawili hawa wataishi vipi katika nchi moja?

Swali hilo halikutungwa kwa ajili ya kuwastarehesha watazamaji. Mahakama za gacaca, zilizoanza kazi mwaka 2002 na kufungwa mwaka 2012, zilisikiliza kesi karibu milioni mbili. Kesi nyingi zilimkutanisha mtu na jirani yake. Wafungwa waliomaliza vifungo walirudi katika vilima vile vile walikotendea makosa, wakachota maji katika kisima kile kile na watu waliowafanya wajane na mayatima. Askari polisi anaijua kazi ya namna hiyo. Sheria ikikwisha kutoa hukumu, na mfungwa akikwisha maliza miaka yake, ulinzi wa amani katika kijiji ndio kwanza unaanza. Filamu ya Karekezi inaingia mahali ambapo jalada la kesi hufungwa.

Jambo la kustahiwa ni kwamba aliyeandika kisa hiki ni yatima wa mauaji hayo hayo. Kumpa muuaji jina, uso na majuto si sawa na kumtakasa. Ni kukataa kumwacha awe zimwi, kwa sababu zimwi halijifunzi kitu na halihukumiwi, bali mtu huhukumiwa, tena aweza kugeuka.

SAJINI XAVIER NA ASKARI FAUSTIN

Mswada wa Huruma ya Msitu ulikwisha anza kusifiwa mwaka 2012, ulipopata tuzo katika soko la filamu la Durban, Afrika Kusini, ukihesabiwa miongoni mwa miswada yenye kutumainiwa. Lakini tangu siku hiyo hadi filamu kuonyeshwa kwa mara ya kwanza, katika tamasha la Toronto, Kanada, Septemba 2018, ilipita miaka sita. Katika kuuandika mswada huo Karekezi alishirikiana na Casey Schroen na Aurélien Bodinaux, na huyu Bodinaux wa Ubelgiji akawa pia mtayarishaji. Msitu unaoonekana katika picha, ingawa kisa ni cha Kongo, ni msitu wa Uganda, ambako filamu ilipigwa. Mvumilivu hula mbivu, na mwandishi wa sinema katika bara letu asiye na uvumilivu afadhali atafute kazi nyingine.

Kisa kinaanza mwaka 1998, vita vya pili vya Kongo vilipokuwa vimeanza kuwaka. Sajini Xavier ni mpiganaji mzoefu wa jeshi la Rwanda, mtu anayehesabiwa kuwa shujaa. Faustin ni kijana aliyeingia jeshini juzi. Batalioni yao inaondoka huko Kivu, nao wanaachwa nyuma. Wamekatika na jeshi lao, chakula hawana, na makundi ya adui yamewazunguka pande zote. Hawana njia ila kuingia msituni. Humo wanakutana na kiu, njaa na maradhi, na wanajificha mara kwa mara wasionekane na wale ambao wakiwaona watawaua.

Angekuwa mwandishi mwingine, hapo angepata nafasi ya kuonyesha mabomu na ujasiri usio na mwisho. Karekezi amechagua njia ngumu zaidi. Risasi ni chache. Kinachojaza filamu ni watu wawili walio peke yao. Sajini ana uzoefu, lakini uzoefu huo ni mzigo pia, kwani vita alivyopigana havijamwacha. Kijana hana uzoefu, lakini ana maswali. Katika jeshi lenye mpango wa kawaida mkubwa huamuru na mdogo hutii. Msituni, mkubwa anapougua na mdogo anapobaki na nguvu, kila mmoja humhitaji mwenzake kwa namna ambayo kitabu cha kanuni hakikuitaja.

Na msitu je? Jina la filamu linaushangaza moyo, maana sote tumezoea kusema kwamba msitu ni mkali. Katika kisa hiki msitu unawachosha na kuwaumiza, lakini ni msitu huo huo unaowaficha na kuwalisha. Wanaowinda watu humo ni watu. Mtazamaji anatoka na swali: ikiwa miti isiyo na akili yaweza kumhifadhi mtu aliyepotea, binadamu mwenye akili anashindwa vipi?

Jambo moja zaidi lafaa kutajwa. Xavier, sajini wa Rwanda, ameigizwa na Marc Zinga, mwigizaji wa Ubelgiji aliyezaliwa Likasi, Kongo. Mwigizaji huyu alipata kumwigiza jukwaani Patrice Lumumba mwenyewe. Basi mzaliwa wa Kongo akavaa gwanda la askari wa Rwanda, akaubeba uchovu wake na hofu yake mpaka watazamaji wakamwamini. Faustin ameigizwa na Stéphane Bak wa Ufaransa. Sanaa hiyo imefanya kwa dakika chache jambo ambalo mikutano mingi ya upatanishi imelitafuta: kumfanya mtu avae nguo za jirani yake na kuutazama ulimwengu kutoka ndani yake.

FARASI WA YENNENGA

Tarehe 2 Machi 2019, mjini Ouagadougou, Burkina Faso, tamasha la FESPACO lilifungwa likiwa limetimiza miaka 50 tangu lilipoasisiwa mwaka 1969. Rwanda ilikuwa nchi iliyopewa heshima ya pekee mwaka huo, na Rais Paul Kagame alihudhuria sherehe za kufunga. Tuzo kuu, Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, pamoja na faranga milioni 20 za CFA, ikatolewa kwa Huruma ya Msitu. Marc Zinga akapewa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mnyarwanda kuichukua tuzo hiyo kuu.

Wapiganaji watapenda kujua kwamba Yennenga anayetajwa katika tuzo hiyo ni binti mfalme wa masimulizi ya Wamosi, aliyepanda farasi na kuwaongoza wapiganaji wa baba yake vitani. Kwa hiyo kijana wa Gisenyi aliyeandika juu ya askari wawili waliopotea alipewa sanamu ya shujaa aliye juu ya farasi.

FUNZO KWA MWENYE SILAHA

Je, filamu kama hii inamdharau askari? Wapo watakaofikiri hivyo, kwa kuwa haimwonyeshi akishinda. Lakini sifa za uongo ndizo zinazomdharau askari, kwa maana humfanya kuwa chombo kisicho na damu. Karekezi hamsifu Xavier wala hamtukani. Anamfuata hatua kwa hatua, anaiona hofu yake, na anamwacha aulize swali ambalo kila mwenye silaha hulikuta siku moja: huyu aliye mbele yangu ni adui kweli, au ni mtu aliyepotea kama mimi?

Swali hilo halipingani na nidhamu. Mikataba minne ya Geneva ya tarehe 12 Agosti 1949 inamwamuru askari amhifadhi majeruhi, mateka, na kila mtu aliyeweka silaha chini. Waliotunga sheria hiyo walijua kwamba pasipo kamanda wa kutazama, mbali na njia kuu, ndipo sheria hujaribiwa. Wahenga nao walikwisha sema: adui aangukapo, mnyanyue. Walijua kwamba baada ya vita watu watarudi kuchota maji katika kisima kimoja.

Funzo hilo halijapitwa na wakati katika mji wa Gisenyi wenyewe. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano ya Goma yalipopamba moto, risasi na mabomu yalivuka mpaka na kuua raia upande wa Rubavu. Wapo watoto walioisikia milio hiyo wakiwa na umri ule ule aliokuwa nao Karekezi mwaka 1994. Watakachokumbuka juu ya watu wenye silaha kitatokana na matendo ya watu wenye silaha. Kati ya watoto hao pengine yumo atakayekuja kuandika, na atakapoketi mbele ya karatasi, askari aliyemwona siku hizo ndiye atakayemweka katika kisa chake.